Njia ya Sotik

Kwa mzee Kipkosgei hakuna jambo lililowahi kuanza bila maombi, na hakuna maombi yaliyowahi kuwa mafupi. Aliombea mbolea kabla ya gunia kufunguliwa. Aliwahi kuitwa haraka kumsaidia ng'ombe wa jirani aliyeshindwa kuzaa, akaanza kwa kuomba, na alipofika kwenye amina ndama alikuwa amesimama mwenyewe ananyonya. Watu wa Roret walimpenda hivyo hivyo. Ila waliokuwa na njaa walipiga hesabu wafike kwake chakula kikiwa kimeshabarikiwa.

Kwa hiyo binti yao alipopanga kupiga simu ya video Jumapili ile kutoka huko melini alikokuwa akifanya kazi, Janeffer, mke wa mzee, alijua wazi kwamba wataomba kabla ya kuona chochote. Hilo halikumsumbua. Kilichomnyima raha ni ujumbe wa sauti alioletewa na Chepkemoi, binti huyo huyo, siku ya Ijumaa. Aliusikiliza zizini, ndoo ya maziwa imejaa mkononi, ng'ombe anamtazama.

"Mama, Jumapili tunashuka kwa kisiwa na wageni. Nataka Baba aone ndege za huko. Lakini si ndege tu. Opondo ako hapa. Tuko meli moja, na usiniulize vile ilifanyika. Anataka kusalimia Baba. Sasa mimi sitajua kama Baba ako na moyo mzuri siku hiyo, wewe ndio utajua. Ukiona iko sawa, niitikie tu na kichwa, tutaongea. Ukiona bado, tikisa kichwa, mimi nitaonyesha ndege nimalize. Tafadhali, Mama."

Opondo alikuwa amefika kwao mara moja tu, miaka kadhaa nyuma. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Kericho, ambako baba yake, Oyoo, ambaye hakuwa Mkipsigis, alihudumu kiwandani mpaka akastaafu. Yeye mwenyewe alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Kisii, na Chepkemoi alikuwa akikaa mapokezi katika hoteli hiyo hiyo. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama, mkononi mkate na sukari. Mzee Kipkosgei alimkaribisha, akamwombea kwa kirefu, kisha akamuuliza swali ambalo Mkipsigis humuuliza mtu yeyote anayetaka binti yake. Sasa, kwa Kikipsigis ukoo huitwa oret, na oret ni neno lile lile la njia. Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kujitafutia, basi akalichukua neno lake akalivusha hivyo hivyo lilivyo.

"Kijana, wewe ni wa njia gani?"

Opondo akaketi wima. "Ya Sotik, mzee," akajibu kwa adabu. "Siku hizi barabara ni nzuri."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Marcella, dada ya mzee, alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Ukiamua kwa haki, kosa lilikuwa la mzee na Kiswahili chake. Mgeni alijibu alichoulizwa, na kama angeulizwa sawasawa angeutaja ukoo wa babake, wa mamake na wa nyanya yake bila kuvuta pumzi. Kijana wa watu akacheka nao, asijue anacheka nini. Mzee alipomaliza kufuta machozi alimwambia kwamba binti bado ni mdogo, aende akaongee na wazee wake. Opondo akashukuru, akanywa chai yake ikaisha, akaondoka. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo jina lake nyumbani mle likawa Njia ya Sotik, na Chepkemoi alipopata kazi kwenye meli ya watalii, huko upande wa pili wa Amerika, watu walisema bahari itamsahaulisha.

Janeffer alitamani simu ile iwe ya watu wawili, yeye na mumewe, na paka kama lazima. Lakini mzee alikuwa ametangaza baada ya ibada kwamba jioni binti yake atawaonyesha wanyama wa kisiwa kilichozaliwa na mlima wa moto, na anayependa aje. Jioni sebule ilijaa. Marcella alifika wa kwanza akajichagulia kiti cha mbele. Kipngeno, jirani aliyekuwa mwenyekiti wa kituo cha majani chai, alikuja na mkewe Nyambeki, ambaye kwao ni Kisii. Akina mama wa kanisa walibanana kwenye kochi hadi kochi likalia. Janeffer aliiegemeza simu kwenye thamosi ya chai juu ya meza, akaketi mbele yake kabisa, mahali ambapo Chepkemoi hangekosa kumwona.

Simu iliita jua likiwa bado juu ya michai. Huko kwa Chepkemoi ilikuwa bado asubuhi. Uso wake ukajaa kiooni, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha kazi, na nyuma yake mawe meusi, yamekwaruzika kama sufuria iliyounguza ugali.

"Baba! Mama! Senge, kumbe na wewe uko?"

"Senge yako yuko," Marcella akaitikia kwa furaha ya shangazi. "Lakini wewe umekonda!"

"Sijakonda, Senge, ni simu tu. Baba, hapa network ni kidogo sana, wacha niwaonyeshe haraka..."

"Tuombe," akasema mzee Kipkosgei.

Watu wakainamisha vichwa. Mzee aliomba kwa Kiswahili ili Nyambeki naye aelewe. Alishukuru kwa mvua, kwa majani, kwa simu na kwa aliyegundua simu. Akaiombea meli, nahodha, injini na misumari yote iliyoshikilia meli isilegee. Akawaombea samaki wasiwe na nia mbaya. Janeffer alikuwa amefumba macho kama wengine, lakini hatimaye akajikuta amefumbua jicho moja, halafu la pili.

Opondo alikuwa amesogea, amesimama bega kwa bega na Chepkemoi. Alivaa koti jeupe la jikoni. Ndevu zilikuwa zimemwota kidogo, zikamkomaza. Kofia yake alikuwa ameivua na kuishika kifuani, kichwa ameinamisha, macho ameyafumba kama mtu aliye ndani ya kanisa. Huko mbali kwenye mawe, bahari nyuma yake, alikuwa anaomba pamoja nao. Janeffer alihisi kitu kikimlainika moyoni.

"Na yule kijana wa njia ya Sotik, Bwana," mzee akaendelea. "Alikuja mara moja akapotea. Mwonyeshe njia, Baba wa mbinguni. Mwonyeshe njia."

Marcella akapuliza kicheko kupitia puani. Mtu mmoja kwenye kochi akajifanya kukohoa, na kikohozi kikaambukiza wengine. Janeffer alipandwa na joto la aibu shingoni. Kiooni, Opondo aliinua uso ghafla, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina. Alimtazama Janeffer moja kwa moja. Chepkemoi naye alikuwa akimtazama, macho yamemtoka, yanamuuliza.

Janeffer hakupata nafasi ya kuusoma vizuri uso wa kijana yule. Alichosikia ni kicheko tu. Alimfikiria Marcella kwenye kiti cha mbele. Akafikiria jinsi habari ile itakavyofika kituoni kesho kabla ya majani, na akina mama watakavyomwuliza kwa sauti ya huruma kama ni kweli. Kisha akajiambia kwamba anamwonea kijana huruma, asije akachekwa mara ya pili katika nyumba ile ile. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Akatikisa kichwa.

Hakutikisa kwa nguvu. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Opondo aliona. Akavaa kofia yake polepole, akatoka kwenye kioo. Mzee alikuwa ameshafika kwenye mafuta ya meli.

"Amina," watu wakasema. Chepkemoi alisema amina pamoja nao.

Kisha akaigeuza simu, na sebule yote ikashuka kisiwani. Mijusi wakubwa walikuwa wamejianika juu ya mawe meusi, hawajali watalii waliowapita kwa viatu vyao vya bei. Ndege weusi walikaa vichakani wakiwa wametunisha mifuko myekundu shingoni, kila mmoja na baluni lake. Mbali, juu ya kilima kilichochongoka, Chepkemoi aliwaonyesha shimo kubwa lililojaa maji, akawaambia hapo ndipo moto ulipotokea zamani.

"Hao mijusi wanaliwa?" Kipngeno akauliza.

"Hata kuwagusa ni makosa hapa."

"Udongo wa volkeno," mzee akasema kwa heshima, akiinamia kioo. "Hapo chai ingeota."

"Baba, hakuna hata mvua."

"Ingeota."

Halafu ndege wa miguu ya buluu akaingia. Buluu yenyewe haikuwa ya mchezo, ilikuwa buluu ya ndoo mpya ya plastiki. Marcella aliapa kwamba wazungu wamemvisha soksi. Lile dume liliinua mguu mmoja likauweka chini, likainua wa pili, taratibu, kwa madaha, kama anayewaonyesha watu viatu vya Krismasi. Jike lilikuwa limesimama mbele yake likiangalia kando. Dume likatandaza mabawa, likaelekeza mdomo mbinguni, likapiga mluzi. Kisha likaenda mbio mbio, likaokota kijiti, likaja kukiweka mbele ya jike.

Jike likampa mgongo.

"Amekataliwa!" Kipngeno akapiga kelele.

"Ngoja," akasema mzee. Alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa kiti. "Ngoja tuone."

Dume likaenda likarudi na kijiti kingine. Likakiweka, likainama. Jike likageuka upande mwingine. Dume likaenda tena.

"Anarudi!" Mzee alipiga goti lake kwa kiganja. "Mnaona? Huyo ndege anajua desturi! Kwani mimi sikurudishwa, Mama Chepkemoi? Baba yako aliniambia ati wewe bado mdogo. Nikarudi. Akaniambia ati ng'ombe bado wako malishoni, hawezi kuongea. Nikarudi! Mtu akirudi ndio unajua anataka."

Mara ya tatu jike liliinama, likakiokota kijiti, likakiweka pembeni yake kama mtu anayepanga vyombo vyake. Sebule ilishangilia. Nyambeki alipiga kigelegele.

"Chepkemoi!" mzee akaita akicheka hadi machozi. "Mwambie huyo ndege, mimi kama ningekuwa baba ya huyo msichana, ningekubali! Hata bila ng'ombe!"

Kiooni ndege wale wawili walikuwa wakiinuliana miguu. Kisha simu ikageuka, na uso wake ukarudi, hauna hata chembe ya kicheko.

"Baba, unasema ungekubali?" Aliuliza polepole. Swali lilikuwa la baba, lakini macho yalikuwa kwa mama.

"Ningekubali kabisa!"

Kuitikia kwa kichwa hakuna gharama. Hata mtoto wa mgongoni anaweza. Janeffer alijua kwamba mlango umefunguka, na kwamba mumewe ndiye aliyeufungua kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Lakini Marcella alikuwa pale, anapangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya leso, na kina mama wote wale, na kicheko chenyewe kilikuwa bado hewani. Akajisikia akisema, "Wageni hawajaongezwa chai," na mkono wake ukaenda kwenye thamosi, ukaiinua.

Simu iliyokuwa imeegemea thamosi ikaanguka kifudifudi.

Walipoiinua, ilikuwa imekatika. Walijaribu kupiga, haikuingia. Wageni wakanywa chai, wakasifu ndege, wakaenda zao. Usiku ule Janeffer akiwa jikoni ujumbe uliingia, na haukuwa wa sauti. Nimeelewa, Mama. Asante kwa kujaribu.

Aliusoma akiwa amesimama karibu na moto, na neno kujaribu likamchoma kuliko tusi lolote. Alianza kuandika jibu, akafuta. Akaanza tena, akafuta. Akajiambia kwamba kuna wakati. Binti atakuja Krismasi, wataongea ana kwa ana, mzee atalainishwa polepole.

Krismasi ilikuja bila Chepkemoi. Alisema ameongeza mkataba. Simu zake zikawa fupi. Aliulizia afya, akaulizia ng'ombe, akaombewa, akaaga. Jina la Opondo halikutajwa, na Janeffer hakuthubutu kulitaja kwa kuogopa jibu. Mzee Kipkosgei, yeye, alikuwa amepata hadithi. Ndege wa miguu ya buluu alisimuliwa kanisani, akasimuliwa kwenye harambee, akasimuliwa kwa daktari wa mifugo akiwa ameingiza mkono wote ndani ya ng'ombe. Kila mara ilizidi kutiwa chumvi, mpaka vijiti vikawa vingi vya kujenga zizi, na kila mara iliishia pale pale, kwamba yeye Kipkosgei angekubali. Watu walicheka. Janeffer alikuwa akiinuka na kutafuta kazi ya kufanya.

Ikawa siku moja ya manyunyu, kituoni, wakulima wamejikinga chini ya mabati wakingoja lori la kiwanda. Mzee akaanza hadithi yake. Alikuwa ndiyo kwanza anainua mguu kuonyesha madaha ya dume, Marcella akakosa subira.

"Kipkosgei, hiyo ndege tumechoka nayo. Mbona husemi juu ya yule kijana?"

"Kijana gani?"

"Si Njia ya Sotik! Alikuwa hapo amesimama na Chepkemoi, kofia kwa mkono. Siku zote nangoja uniambie alikuwa anafanya nini huko."

Mzee akaushusha mguu. "Alikuwa hapo saa ngapi?"

"Ukiwa unaomba."

Wakulima wakatazamana. "Na wewe, Marcella," Kipngeno akauliza, "ulimwonaje wakati wa maombi?"

Marcella akajiziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kumbe ndiyo sababu mwanamke asiyeweza kulala na siri alilala na hii miezi yote. Hangeweza kuisema bila kukiri kwamba huwa anachungulia. Watu walicheka wakashika nguzo. Mzee Kipkosgei hakucheka. Alimgeukia Janeffer, aliyesimama kati ya akina mama, akamtazama, akainua kapu lake tupu, akashika njia ya nyumbani bila kungoja lori.

Janeffer alimfuata. Walitembea kati ya michai iliyolowa mpaka walipofika kwenye daraja la mbao.

"Ulimwona?" mzee akauliza.

"Nilimwona."

"Hata wewe."

"Hata mimi, Baba Chepkemoi."

"Alivua kofia?"

"Alivua. Alifumba na macho."

Mzee alisimama, akaweka kapu chini. "Nilikuwa namngoja huyo kijana," akasema.

"Kumngoja? Si ulimfukuza?"

"Nani alimfukuza? Nilimwambia binti bado mdogo. Hiyo ni kukataa? Si ndivyo baba yako aliniambia mimi? Nikamwambia aende kwa wazee wake, nikakaa nikingoja arudi nao. Nikasema kama ni mtu, atarudi. Hakurudi. Nikaona basi, hakuwa anataka."

"Kwao labda ukiambiwa hivyo umekataliwa. Hakujua desturi yetu."

"Ndiyo maana nikamwombea aonyeshwe njia!" Sauti ya mzee ilipanda, ikavunjika. "Kila mara namwombea. Ninyi mnacheka, mnafikiri natania. Mtu anaweza kutania na Mungu?"

Janeffer alishika ubao wa daraja. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa amekaa ndani ya maombi ya mtu huyu, akiyasikia kama anavyosikia mvua juu ya bati, akingoja yaishe. Hakuwa amewahi kuyasikiliza. Mwonyeshe njia. Yeye alisikia, mwondoe. Na kijana aliyeinua uso wake pale kwenye mawe alisikia nini? Alijaribu kuukumbuka uso ule, na sasa ulikuja vizuri, ulikuja wote, na haukuwa uso wa mtu aliyetukanwa. Alijuta hata akataka kukaa chini kwenye matope.

"Kwa hiyo alirudi," mzee akasema taratibu, akimalizia mwenyewe. "Alirudi, na mimi nimefumba macho." Akachukua kapu lake. "Mpigie Chepkemoi."

Safari hii hapakuwa na wageni, na simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari. Chepkemoi alipokea akiwa kwenye sitaha ya meli, upepo unampiga, nyuma yake vyuma vya ukingo, maji, na kwa mbali kitu cheusi kilichochongoka.

"Baba, mko sawa? Kuna nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu Janeffer amjue, mzee Kipkosgei hakuanza na maombi.

"Mlete huyo kijana nimwone."

Chepkemoi aligeuka akaangalia maji. 

"Opondo hayuko, Baba," akasema. "Alihamia meli ingine, mwezi ule ule mliona ndege. Iko upande wa Asia. Alibadilisha hata namba. Hatuongei siku hizi."

"Ni kwa sababu ya maombi yangu? Kwani hakusikia vile nilimwombea?"

"Alisikia, Baba. Alisikia vizuri sana. Ukisema aonyeshwe njia, yeye alijua unamwita. Aliniambia baadaye. Ndio maana aliinua uso."

"Ehe. Halafu?"

Chepkemoi alimtazama mamake. Hakuna hasira iliyokuwa machoni mwake, na Janeffer angeipenda hasira. Aliukunja upindo wa leso yake vidoleni, akaukunja tena, akingoja lisemwe, na kwa kiasi fulani akitamani lisemwe, limalizike.

"Halafu network ikakatika," Chepkemoi akasema.

"Network!" Mzee alilitema neno hilo kwa uchungu. Alitikisa kichwa mara nyingi, akatazama dirishani, akarudi. "Na wale ndege? Hicho si ndicho kisiwa, hapo nyuma yako?"

"Ndicho. Lakini walishaenda, Baba. Watoto wao walikua, wakaruka. Msimu uliisha."

Mzee aliitikia polepole. Kisha akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Tuombe," akasema, na akafumba macho. Akaomba kwa Kiswahili, ingawa hapakuwa na mgeni. Akamtaja kijana kwa jina lake lote, Opondo mwana wa Oyoo, akamwomba Mungu amtafute katika bahari zote alizoziumba.

Janeffer hakufumba macho. Chepkemoi naye hakufumba. Mama na binti walitazamana muda wote wa maombi yale marefu. Na mzee alipofika tena pale pa kuonyeshwa njia, Janeffer akaitikia kwa kichwa. Aliitikia mara moja, akaitikia tena kwa nguvu, machozi yakimdondoka juu ya meza.

Chepkemoi aliona. Nyuma yake kisiwa kilikuwa kimeshapita, vimebaki vyuma na maji tu.